Mercedes W123 otomatiki inayovuja mafuta ya giaboksi bila kukoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mercedes W123 ilitengenezwa kuanzia miaka ya katikati ya 1970 hadi mapema 1986, na bado unaiona barabarani Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Za otomatiki zina giaboksi ya gia nne: za mwanzo ni 722.1, na nyingi za miaka ya 1980 ni 722.3. Ni giaboksi ngumu kuua, lakini raba zake sasa zina umri wa mtu mzima, na raba ikizeeka huvuja. Majibu haya yanahusu hasa 722.3. Yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amelipia matengenezo, akarudi nyumbani, na asubuhi akakuta doa jipya chini ya gari.

Nitajuaje kwamba haya ni mafuta ya giaboksi na si kitu kingine?

Tandika karatasi nyeupe chini ya tone, usiangalie sakafuni. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ATF, hutiwa rangi nyekundu kiwandani. Yakishatumika sana huwa mekundu ya kahawia, na yakiungua huwa kahawia kabisa yenye harufu ya kitu kilichoungua. Kwenye karatasi, hata yakiwa ya zamani, ukingo wa doa hubaki na wekundu kidogo. Oili ya injini huacha doa la kahawia au jeusi, na ya dizeli kama 240D au 300D ni nyeusi tii. Oili ya difu ni nzito na ina harufu ya salfa. Maji ya rejeta yenye kuluanti huteleza vidoleni na hukauka yakiacha unga wa rangi. Mafuta ya breki hayana rangi kali na hula rangi ya gari.

Kuna mtego mmoja. Pawa stelingi za magari mengi ya zamani hujazwa ATF ileile, kwa hiyo wekundu peke yake hauthibitishi kwamba giaboksi ndiyo inayovuja. Kabla ya kulaumu giaboksi, fungua kopo la pawa stelingi na utie alama kwenye kiwango chake kwa kalamu. Kama ni kopo hilo linalopungua na kiwango kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia) ya giaboksi hakishuki, umeokoa fedha nyingi.

Fundi ameshabadilisha gasketi ya sampo zaidi ya mara moja na bado linavuja. Kwa nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake la kawaida ni kwamba gasketi ya sampo haikuwa na kosa. Sampo, yaani beseni la bati linaloshika mafuta ya giaboksi, iko chini kabisa. Chochote kinachovuja juu yake kitateremka ukutani, kitafika kwenye mdomo wa sampo, kitatembea pembeni hadi kwenye bolti iliyo chini kuliko nyingine, na hapo ndipo tone litaning'inia. Fundi akiinama anaona tone kwenye bolti ya sampo. Anabadilisha gasketi, anaifuta sampo vizuri, na siku chache panakuwa pakavu kwa sababu pamefutwa. Kisha mafuta ya juu yanateremka tena.

Upepo nao unadanganya. Gari likienda, hewa inayopita chini hubeba mafuta kuelekea nyuma. Sili ya mbele (raba inayoziba pale shafti inapopita) ikivuja, unaweza kukuta sehemu yote ya nyuma ya giaboksi, propela na hata sakafu ya gari vimelowa, huku mbele pakionekana pasafi. Kwa hiyo tafuta mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Mahali tone linapodondokea ni mwisho wa safari ya mafuta, na wewe unautafuta mwanzo wake.

Sababu nyingine ya uvujaji kurudi ni kwamba uvujaji wenyewe uko zaidi ya mmoja. Giaboksi yenye miaka 40 na zaidi, ambayo oringi zake zote, yaani pete za raba za kuziba, zilitoka kiwandani siku moja, haivuji mahali pamoja tu. Ukiziba pakubwa, padogo panaanza kuonekana. Hiyo haimaanishi kazi ya kwanza ilikuwa mbaya.

Ya tatu ni sampo yenyewe kupinda. Mtu akikaza bolti kwa nguvu zote ili kuzuia uvujaji, bati linabonyea kwenye kila tundu na katikati ya matundu linanyanyuka. Kwenye 722.3 bolti za sampo hukazwa kwa torki ya Nm 8 tu, kiasi ambacho mtu aliyezoea kukaza nati za tairi hataamini. Weka rula ya chuma kwenye mdomo wa sampo. Ukiona mwanga unapenya chini ya rula, nyoosha mdomo kwa nyundo ndogo juu ya ubao tambarare kabla ya kuweka gasketi mpya. Hakikisha pia gasketi ni ya giaboksi yako, kwa sababu ya 722.1 na ya 722.3 hazifanani. Namba ya giaboksi imegongwa ubavuni, juu kidogo ya mdomo wa sampo. Isugue kwa brashi ya waya uisome.

Nianzie wapi, basi?

Anza na kuosha. Najua watu huona ni kazi ya kupoteza muda, lakini kwenye gari linalotembea barabara zetu vumbi na mafuta vimeshikana vikawa tope gumu, na chini ya tope hilo hakuna anayeweza kuona chochote. Injini ikiwa imepoa, pandisha gari juu ya stendi imara, zuia magurudumu kwa magogo, na usilale kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Paka mafuta ya taa au dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi kila kona kuanzia nyuma ya injini hadi kwenye difu, kisha suuza. Maji ya presha yasielekezwe kwenye waya, kwenye dipstiki wala kwenye tundu la kupumulia la giaboksi. Mafuta ya taa yakauke kabisa kabla ya kuwasha injini, maana paipu ya ekzosi inapita hapo karibu.

Pakishakauka, pulizia poda nyepesi. Poda ya mtoto inatosha. Tone la kwanza litaacha mstari mwekundu juu ya weupe, na mstari huo utakuongoza hadi chanzo.

Sasa gawanya uchunguzi katika hatua tatu, usizichanganye, kwa sababu kila hatua inajibu swali lake.

Kwanza, washa injini gari likiwa limesimama, ikae dakika 10 hivi, mwenzako akiwa ndani amekanyaga breki na kupitisha leva taratibu P, R, N, D na kurudi. Huku wewe unamulika kwa tochi kutoka pembeni. Sehemu zenye presha, yaani pampu ya mbele, paipu za kupoza na maungio yake, zitajitokeza hapa. Pili, endesha kilomita 10 au zaidi hadi mafuta yapate moto, rudi, tazama tena. Sili ya nyuma kwenye flanji ya propela huonekana hapa, kwa sababu shafti lazima izunguke. Tatu, egesha gari usiku kucha, tandika boksi la karatasi chini yake, chora juu ya boksi mahali magurudumu yalipo na mahali sampo ilipo. Asubuhi utajua tone lilidondoka kutoka wapi kwa kipimo, bila kubahatisha.

Pale mkono na jicho havifiki, ingiza simu ukirekodi video na taa yake ikiwaka. Sehemu ya juu ya giaboksi ya W123 iko karibu sana na sakafu, na video ya nusu dakika huonyesha mengi kuliko kioo. Poda ikishindwa, kuna rangi maalumu inayotiwa ndani ya ATF, kisha usiku unamulika kwa taa ya urujuanimno na mafuta yanang'aa. Ni njia nzuri, lakini haifanyi kazi vizuri kwenye giaboksi chafu, kwa hiyo hata hapo bado unarudi kwenye kuosha.

Likitumika kila siku halivuji. Likikaa wiki mbili nakuta dimbwi. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni dalili nzuri kwa sababu inapunguza orodha ya washukiwa.

Injini ikiwaka, mafuta mengi yamo ndani ya toki konveta (chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta) na kwenye mifereji, na kiwango ndani ya sampo kiko chini. Ukizima, konveta huanza kumwaga mafuta yake polepole kurudi kwenye sampo. Gari likikaa siku nyingi, kiwango kinapanda hadi kufunika sehemu ambazo kwa kawaida ziko hewani: sili ya shafti ya leva, oringi ya bomba la dipstiki, oringi ya solenoidi ya kikidauni (swichi ya umeme inayoshusha gia ukikanyaga mafuta hadi mwisho), na oringi ya mahali kebo ya presha inapoingilia. Raba hizo zikiwa zimekauka, mafuta yanapita. Ukiwasha injini, pampu inajaza konveta, kiwango kinashuka, na uvujaji unakoma wenyewe. Mwenye gari anaamini limepona.

Magari ya kihistoria yanayotolewa nje kwa maonyesho au harusi tu huugua hivi zaidi ya teksi. Uzuri wake ni kwamba karibu raba zote hizo hubadilishwa bila kushusha giaboksi, na zenyewe ni bei ndogo. Solenoidi ya kikidauni ndiyo ningeitazama mapema: iko ubavuni kuelekea nyuma, ina waya, hufunguliwa kwa spana, na oringi yake ikitoka utaikuta ngumu kama kandambili iliyoachwa juani miaka mingi. Weka beseni chini kabla ya kuifungua.

Tahadhari: gari likiwa limekaa muda mrefu, usipime kiwango kabla ya kuwasha. Dipstiki itaonyesha mafuta yamezidi mno. Wapo waliopunguza mafuta kwa sababu hiyo, kisha giaboksi ikakosa mafuta safarini.

Linavuja mbele, pale injini na giaboksi zinapokutana. Je, ni lazima kushusha giaboksi?

Si lazima mpaka ujue ni nini. Pale ndani kuna washukiwa kadhaa, na mmoja wao anatibika bila kushusha chochote.

Ikiwa kinachotoka ni cheusi, ni sili ya nyuma ya injini, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ikiwa ni chekundu, anza na plagi ya kumwagia mafuta ya konveta. Chini ya nyumba ya konveta kuna uwazi unaofikiwa kutoka chini. Ondoa waya wa betri, zungusha injini kwa boksi spana kwenye bolti ya pule ya mbele, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hadi plagi ionekane. Ikiwa plagi imelowa na mistari ya mafuta inatoka kwenye plagi kwenda nje, washa yake, yaani pete ya kuziba, imechoka au haikubadilishwa mara ya mwisho mafuta yalipomwagwa. Hili hutokea mara nyingi baada ya sevisi: fundi anamwaga konveta vizuri, anarudisha washa ya zamani, na uvujaji unaanza wiki hiyohiyo. Ukisikia hadithi ya namna hiyo, yaani kabla ya sevisi palikuwa pakavu, nenda kwenye plagi kwanza.

Ikiwa plagi ni kavu lakini ndani ya nyumba kumetapakaa mafuta mekundu pande zote, basi ni sili ya pampu, oringi ya mwili wa pampu, au mara chache konveta yenyewe imepasuka kwenye uchomeleaji. Hapo ndipo giaboksi inashuka. Na hapa ndipo watu hulipa mara mbili. Mara nyingi sili ya pampu haifi peke yake. Shingo ya konveta inaweza kuwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, au bushi ya pampu imelika na shingo inayumba. Ukiweka sili mpya juu ya shingo yenye mfereji, au juu ya bushi iliyolika, itavuja tena baada ya muda mfupi, na kazi yote ya kushusha inarudiwa. Pitisha ukucha kwenye shingo ya konveta. Ukucha ukikwama, konveta hiyo haifai kurudi bila kutengenezwa.

Na likivuja nyuma?

Sili ya flanji ya propela hurusha mafuta kwa duara. Tazama sakafu ya gari juu ya flanji: ukiona mstari wa mafuta unaokatiza kama upinde, umepata. Kabla ya kubadilisha sili hiyo kagua raba ya propela na beringi ya katikati, kwa maana propela inayotetemeka huua sili mpya. Kifuniko cha gavana (kifaa kinachoiambia giaboksi mwendo wa gari) na mahali kebo ya spidi inapoingia navyo huvuja huko nyuma, na ni kazi nyepesi.

Mafuta yanapungua lakini chini ya gari ni pakavu kabisa. Yanakwenda wapi?

Yanaliwa na injini. 722.3 ina moduleta ya vakyumu (yaani mvuto wa hewa), kopo dogo la chuma ubavuni mwa giaboksi lenye mpira mwembamba ndani, linaloiambia giaboksi injini inabeba mzigo kiasi gani. Mpira huo ukitoboka, vakyumu inavuta ATF kupitia kipira chake, yaani bomba lake dogo la mpira. Kwenye gari la petroli kama 230E, mafuta yanaingia kwenye manifoldi na kuungua, na nyuma unaona moshi mweupe wenye ubuluu, hasa unapoteremka mlima bila kukanyaga mafuta. Kwenye dizeli, mafuta yanaweza kuingia katika mfumo wa vakyumu hadi kwenye pampu yake, na kutoka hapo kwenye oili ya injini.

Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote katika ukurasa huu. Chomoa kipira cha vakyumu kwenye moduleta, ukiminye, ingiza kijiti chenye pamba. Ndani panatakiwa kuwe pakavu. Pakiwa na wekundu, moduleta imekufa. Hubadilishwa bila kushusha giaboksi, pamoja na oringi yake. Nunua iliyo na namba inayolingana na ya zamani na usichezee skrubu yake ya kurekebisha, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua ulaini wa gia kuingia.

Kuna mtu aliyetaka kufungua injini ya W123 yake akiamini ringi za pistoni zimekwisha, kumbe kipira kile kilikuwa kimejaa ATF. Injini haikuwa na tatizo lolote.

Mafuta kwenye dipstiki yamekuwa ya pinki kama maziwa ya stroberi. Niendelee kuendesha?

Hapana. Zima gari. Hayo ni maji ya rejeta yaliyoingia kwenye giaboksi. Kipozeo cha ATF kimo ndani ya rejeta, na kikitoboka, vimiminika viwili vinachanganyika. Maji na kuluanti hulegeza gundi inayoshika vitambaa vya klachi za ndani, na kila kilomita unayoongeza inaongeza gharama. Badilisha rejeta au kipozeo, safisha paipu zote, mwaga sampo na konveta, na uwe tayari kumwaga tena baada ya kuendesha kidogo. Ikishakaa na maji kwa siku nyingi, kubadilisha mafuta pekee hakutoshi.

Tukiwa hapo, kagua vipande vya mpira kwenye paipu za kupoza. Pale mpira unapobanwa na chuma hutoa jasho jekundu kwanza, kisha siku moja huchomoka njiani na giaboksi inamaliza mafuta yake kwa muda mfupi mno. Usiweke mpira wa kawaida wa petroli hapo; weka wa kuhimili mafuta ya moto na presha.

Ninapimaje kiwango kwa usahihi?

Gari likae mahali tambarare. Endesha kilomita 15 hadi 20 ili mafuta yapate joto la nyuzi 80 hivi. Kisha leva iwe P, injini ikiwaka bila kukanyagwa, ndipo uchomoe dipstiki. Kichwa chake kina mkono mdogo wa kufunga, uinue kwanza. Futa kwa karatasi isiyoacha nyuzi, si kwa kitambaa cha pamba, rudisha hadi mwisho, chomoa, soma.

Kati ya alama ya chini na ya juu kuna lita 0.3 tu. Watu wengi hawajui hili. Wanaona kiwango kiko chini kidogo, wanamimina lita nzima, na sasa mafuta yamezidi. Mafuta yakizidi, sehemu zinazozunguka huyachapa yakawa povu, povu linatanuka, linapanda na kutokea kwenye tundu la kupumulia au bomba la dipstiki, na hapo unapata uvujaji ambao hakuna sili yoyote duniani itakayoutibu. Kabla ya kutafuta uvujaji wowote, sahihisha kiwango. Hakikisha pia tundu la kupumulia halijazibwa na tope, kwa sababu giaboksi isiyopumua hupata presha ikipata moto na kusukuma mafuta kwenye kila raba dhaifu.

Lita 0.3 hiyo pia ni kipimo chako cha uvujaji. Ukijaza hadi alama ya juu na baada ya kilomita 1,000 umefika ya chini, unapoteza lita 0.3 kwa kilomita 1,000. Andika. Baada ya kila tengenezo pima tena, na utajua kama umepiga hatua, hata kama doa sakafuni linaonekana lilelile.

Nipake silikoni kwenye gasketi ya sampo ili iwe imara zaidi?

Usipake. Gasketi ya giaboksi hii huwekwa kavu, juu ya chuma kisafi. Silikoni inayofinyika kuelekea ndani hukauka, hukatika vipande, na vipande hivyo huelea kwenye mafuta hadi kwenye chujio au kwenye mifereji myembamba ya vali. Giaboksi ambayo ilikuwa inavuja tu sasa inaanza kuchelewa kuingiza gia. Nikiona silikoni nyekundu au nyeusi imetokeza pande zote za sampo, huwa najua uvujaji halisi bado haujapatikana, kwa sababu mtu aliyekipata chanzo hana haja ya gundi.

Dawa za kuziba uvujaji zinazouzwa kwenye chupa zinafaa?

Nyingi hufanya kazi kwa kuvimbisha raba na kuilainisha. Kwa sili iliyokauka inaweza kupunguza uvujaji kwa muda. Haitafanya lolote kwa gasketi iliyochanika, shingo yenye mfereji, washa ya shaba au paipu iliyotoboka. Na kwa raba ambazo bado ni nzima, kuzivimbisha hakuzifaidishi. Mimi singeitia kwenye gari ninalotaka kubaki nalo.

Nitumie mafuta gani?

Ya daraja la Dexron II, au Dexron III iliyokuja 1993, ambayo yanapatikana hadi leo kwa majina ya kampuni mbalimbali. Mafuta ya kisasa mepesi, kama Toyota WS yaliyojaa madukani kwa sababu ya magari ya Japani, hayakukusudiwa giaboksi hii, na ya giaboksi za CVT, zisizo na gia za hatua, ni kosa kabisa. Wepesi wa mafuta unaweza pia kuongeza uvujaji kwenye raba zilizochoka. Ukibadilisha mafuta yote, sampo na konveta, uwe na lita zisizopungua 7 mkononi, mimina lita 4 kabla ya kuwasha, kisha ongeza polepole huku ukipima.

Naweza kuendelea kuendesha wakati natafuta tatizo?

Tone moja au mawili kwa usiku, ndiyo, ukipima mara kwa mara. Acha kuendesha gari likichelewa kushika D, likiteleza unapopanda mlima au kukata kona, au mafuta yakidondokea ekzosi. Hilo la mwisho si suala la giaboksi tena. ATF juu ya ekzosi ya moto inaweza kuwaka.

Spea nitapata wapi, na nitatambuaje nzuri?

Grogan ya Nairobi na Gerezani ya Dar es Salaam bado zina vitu vya W123, na nyingi ya oringi hizi huuzwa kwa seti. Shida ni raba iliyokaa dukani tangu gari lenyewe likiwa jipya. Ikunje oringi kwa vidole: ikionyesha nyufa ndogo, iache hata kama pakiti ni ya kiwandani. Na usikubali oringi ya bomba la maji kwa sababu tu kipimo kimelingana. Ile haikutengenezwa kwa mafuta ya moto.

Nina gari lingine la zamani, si Mercedes. Haya yananihusu?

Mantiki ya kuosha, kugawa hatua na kutafuta palipo juu na mbele ni ileile. Kinachobadilika ni utaratibu wa kupima: giaboksi za TorqueFlite za Chrysler, kwa mfano, hupimwa leva ikiwa N. Na Ford nyingi za zamani za Marekani zilitaka mafuta ya Type F badala ya Dexron. Yote ni mekundu, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kumimina.

Nimethibitisha ni sili ya pampu. Giaboksi ikishuka nifanye nini kingine?

Badilisha kila raba ambayo itakuwa ngumu kufikiwa ikisharudi: sili ya pampu na oringi ya mwili wake, sili ya shafti ya leva, oringi ya kebo ya presha, oringi ya bomba la dipstiki, sili ya nyuma ya giaboksi. Sili ya nyuma ya injini iko wazi mbele ya macho yako siku hiyo. Ikiwa na unyevu wowote, ibadilishe. Mwombe fundi akuonyeshe bushi ya pampu na shingo ya konveta kabla hajafunga, nawe upige picha.

Wakati wa kurudisha, konveta lazima iingie hadi mwisho ndani ya pampu kabla giaboksi haijaungana na injini. Inazungushwa kwa mkono huku ikisukumwa, hadi ishike meno ya pampu na kuzama. Giaboksi ikifika kwenye injini na kubaki nafasi ambayo haizibiki kwa mkono, usiruhusu mtu aivute kwa kukaza bolti. Konveta haijakaa, na bolti hizo zitavunja pampu. Iteremsheni, muizungushe konveta tena, mjaribu upya.